Mnunuzi wa Siri wa Picha za Mume Wangu

BARUA

Mama Mshauri, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 43, mkazi wa Bagamoyo, niliye kwenye ndoa kwa miaka 17 na mama wa watoto wawili. Mimi na mume wangu tulikutana hapa hapa mjini tulipokuwa tukisomea sanaa, yeye uchoraji na mimi kutia rangi vitambaa. Tangu mwaka 2011 tunaendesha galari ndogo katika nyumba ya mawe tuliyopanga upande wa Mji Mkongwe, mahali wanapopita wageni wakitoka kutazama majengo ya kale. Chumba cha mbele ni cha picha zake. Batiki zangu, pamoja na mikoba, foronya na vitambaa vya meza, ziko kwenye ukumbi mwembamba wa nyuma karibu na mlango wa uani, nilikofunga kamba mwenyewe tangu siku ya kwanza.

Mume wangu hachori tembo wala twiga. Wageni wengi wakiingia huulizia picha za Tingatinga, naye huwaelekeza kwa heshima kwenye maduka ya jirani. Yeye huchora watu wa hapa: wavuvi wakivuta nyavu, wazee barazani, wanawake wakianika dagaa ufukweni. Rangi zake ni tulivu, za matope na chumvi, na anaweza kukaa na picha moja miezi miwili. Haziuziki kwa urahisi. Kwa hesabu ninazoandika mimi, katika kila shilingi kumi zinazoingia dukani, nane hutokana na vitu vyangu vidogo vidogo.

Mwaka 2020 ugonjwa wa korona uliwaondoa wageni, na masika ya 2021 yakatukuta hatuna kitu. Mume wangu alikaa wiki tatu bila kushika brashi. Asubuhi moja nilimkuta uani akibandua vitambaa vilivyokwisha kuchorwa kutoka kwenye fremu, na fremu akizipanga pembeni ili aziuze kama mbao. Hakuwa na hasira. Aliniambia tu, kwa sauti ya mtu anayeuliza saa, kwamba kuna fundi wa mabango Dar es Salaam aliyemwahidi kibarua. Mama, hasira yake ningeiweza. Ule utulivu ndio ulionitisha.

Nilikuwa na akiba yangu kwenye kikoba, fedha za batiki. Nilimtumia mdogo wangu wa kike anayeishi Kibaha shilingi 180,000 kwa simu, nikamwomba atafute mtu asiyejulikana na mume wangu aje anunue picha moja. Akaniuliza, ipi? Nikamjibu, ile ya wanawake wanaoanika dagaa. Alikuja kijana mmoja anayefanya naye kazi, akatazama, akalipa, akaondoka nayo. Jioni ile mume wangu alirudi nyumbani na changu wawili na nazi, akapika mwenyewe, na kabla ya kulala akavirudisha vitambaa vyake kwenye fremu, kimoja kimoja.

Nilikusudia iwe mara moja tu, lakini imekwisha kuwa mara tisa. Kila nilipomwona ameanza kushinda barazani, nilimpigia mdogo wangu na kumtajia picha ya kuchukua. Jumla nimetoa shilingi 2,350,000 katika miaka minne. Picha zote ziko nyuma ya kabati chumbani kwa mdogo wangu, zimefungwa kwa khanga zangu kuukuu. Mwezi wa Sita nilikwenda kumjulia hali alipokuwa anaumwa, nikaifungua ile ya dagaa, nikaketi nayo sakafuni mpaka chai yangu ikapoa.

Mume wangu ana daftari anamoandika kila aliyenunua picha yake. Tangu mwaka 2021 ameandika wanunuzi 11 anaowaita watu wa Dar. Tisa kati yao ni mimi. Wawili ni watu wa kweli: mama mmoja daktari, na kijana aliyenunua picha ya mzee na redio, ambaye hadi leo humtumia ujumbe kumuuliza anachora nini. Siku moja, akipekua daftari hilo, mume wangu aliniuliza, "Hivi hawa watu wa Dar mbona hawaombi kupunguziwa?" Nikamjibu kwamba wenye fedha hawana maneno mengi.

Sasa amepiga hesabu. Anasema ikiwa watu 11 wamenunua bila yeye kujitangaza, maonyesho makubwa Dar es Salaam yatauza picha 30. Amezungumza na benki kuhusu mkopo wa shilingi milioni 15 ili akodi ukumbi, atengeneze fremu, achapishe katalogi, na alipe kodi ya duka ya mwaka mzima apate kuchora bila kukatizwa. Dhamana ni nyumba tunayoishi, tuliyoijenga kwa fedha zetu sote wawili. Benki imetoa fomu ya ridhaa ya mwenza, na bila saini yangu mkopo hautoki. Fomu hiyo ina wiki mbili kwenye droo ya duka, chini ya kitabu cha risiti. Kila asubuhi ananiuliza kwa upole kama nimeshaisoma.

Nikiisaini, ninaweka rehani nyumba ya watoto wangu kwa sababu ya uongo nilioutunga mwenyewe. Nikikataa bila kueleza, ataona mke wake hamwamini, wakati watu wa mbali wanamwamini. Nikieleza, naiogopa ile asubuhi ya fremu, kwa kuwa safari hii nitakuwa nimeileta mimi. Mdogo wangu ananishauri ninyamaze, nisingizie kwamba mama yetu ni mgonjwa na fedha zote zinahitajika huko. Nisaidie, mama.

Mwenye Siri, Bagamoyo

JIBU

Marahaba, mwanangu, na pole kwa mzigo uliobeba miaka minne bila hata pa kuutua. Nimeisoma barua yako mara tatu. Mara ya kwanza niliona mke aliyemdanganya mumewe. Mara ya pili niliona mke aliyemwokoa. Mara ya tatu nikaona jambo ambalo nadhani wewe mwenyewe hujaliona, nami nitalifikia.

Kwanza nilirudie tatizo lako kwa maneno yangu, ili kama nimekuelewa vibaya unisahihishe. Mwaka 2021 ulimnunulia mume wako pumzi kwa shilingi 180,000, akapumua, nawe ukaendelea kununua. Wakati huo jambo hilo halikumgharimu mtu mwingine isipokuwa wewe. Lakini mume wako aliandika kila mauzo, na kutokana na maandishi hayo amejifunza habari za mji wa Dar es Salaam ambazo si za kweli, na sasa anataka kuyajenga maisha yenu juu ya habari hizo kwa mkopo. Ulichokificha ni kile kile, ila sasa kimepewa uzito wa nyumba. Ndiyo sababu miaka minne uliweza kulala na wiki hizi mbili huwezi.

Naomba nikupunguzie mzigo mmoja papo hapo. Huna wizi wowote ulioufanya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haimnyang'anyi mke mali yake kwa sababu ameolewa. Fedha ulizozipata kwa jasho la batiki zilikuwa zako kuzitumia. Tena ukizifuatilia fedha zenyewe utaona zilizunguka tu: zilitoka kwenye kikoba, zikapita Kibaha, zikaingia mfukoni mwa mume wako, na bila shaka zikarudi nyumbani kama karo, unga na kodi ya duka. Uliyempotezea fedha hayupo, ukiacha nauli ya kijana yule.

Sheria hiyo hiyo, katika kifungu cha 59, inamzuia mwanandoa kuuza nyumba ya familia au kuiweka rehani bila ridhaa ya mwenzake. Fomu iliyo chini ya kitabu cha risiti imewekwa mahususi kwa ajili ya mtu aliye mahali ulipo wewe leo, yaani mtu anayejua jambo ambalo anayeomba mkopo halijui. Usiione kama karatasi ya kumridhisha mume. Ukiisha kutia saini, hutaweza kuja kusema baadaye kwamba hukujua, maana wewe pekee ndiye ulikuwa unajua. Na uikumbuke masika. Ninyi mnaouza kwa wageni mnavuna kuanzia Juni hadi Oktoba, kisha Machi hadi Mei mnakaa mkitazama mvua, lakini marejesho ya benki huja kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

Sasa niruhusu nikuulize maswali machache, si kwa kukubana, bali kwa sababu katika barua yako kuna mambo uliyoyachukua kuwa ya hakika nami sina hakika nayo.

Una uhakika gani kwamba mume wako hajui? Umelitaja lile swali lake la daftari kana kwamba lilikuwa neno la kupita tu. Mimi lilinisimamisha. Katika nchi yetu mtu hanunui hata fungu la nyanya bila kusema "nipunguzie", sembuse picha ya laki mbili. Mume wako ameuza dukani zaidi ya miaka kumi, na anajua mteja anavyozunguka, anavyojifanya anaondoka, anavyorudi mlangoni na bei ya pili. Watu tisa mfululizo waliolipa bila neno si jambo ambalo mfanyabiashara hulisahau. Sisemi anajua. Huenda aliuliza kwa udadisi, ukamjibu, akaridhika. Huenda pia aliuliza na kusubiri, akaona hukusema, naye akachagua kutouliza tena. Kama ni hivyo, basi nyumba yenu ina walinzi wawili wanaolinda mlango mmoja, kila mmoja akidhani mwenzake amelala. Lakini nakusihi usiigeuze dhana hii kuwa kitanda cha kulalia. "Pengine anajua" haiwezi kuwa sababu ya kunyamaza, kwa kuwa mtu anayejua nusu ndiye anayehitaji zaidi kuambiwa.

Swali langu la pili ni gumu kidogo. Unasema uliyafanya haya kwa ajili yake, nami naamini. Je, hukuyafanya hata kidogo kwa ajili yako? Mwenzako aking'oa fremu uani, wewe unabaki na chumba cha mbele kitupu, duka linalokutegemea wewe peke yako, na mume asiyezungumza. Kununua picha kulimrudisha yeye kazini na kukurudishia wewe nyumba yenye sauti. Hilo si kosa. Nalitaja kwa sababu siku utakapozungumza naye, maneno "nilikuhurumia" yatamchoma, ilhali maneno "niliogopa, na sikujua jinsi ya kukwambia kwamba naogopa" yanaweza kusikika, nayo yako karibu zaidi na ulivyoniandikia mwenyewe kuhusu asubuhi ile.

Sasa nifikie lile nililoliona mara ya tatu.

Mdogo wako alipokuuliza "ipi?", hukusema "yoyote". Ulisema ya dagaa. Mara zote tisa ulizitaja mwenyewe. Mtu anayetoa sadaka hachagui hivyo, na wala hafungi sadaka yake kwa khanga na kwenda kuifungua mwezi wa Sita na kuketi nayo sakafuni hadi chai ipoe. Mwanangu, wewe ni mnunuzi wa picha. Una mkusanyiko wa kazi tisa za mchoraji mmoja, ulizoziteua kwa miaka minne, kwa jicho lililosomea sanaa. Katika barua yote hukusema hata mara moja wewe mwenyewe unazionaje picha za mume wako. Uliniambia rangi zake zilivyo, na kwamba haziuziki, kisha ukahamia kwenye hesabu.

Nadhani najua kwa nini. Kazi zako umeziita vitu vidogo vidogo, na ukazitundika nyuma karibu na mlango wa uani, kwa mikono yako, bila kusema kwamba kuna aliyekulazimisha. Nimewahi kukaa na mafundi wa batiki. Nimeona mtu akichora kwa mshumaa wa moto juu ya kitambaa cha marekani, akiwa ameshapanga kichwani rangi nyepesi itangulie na nzito ifuate, kwa sababu kilichokwisha kunywa rangi hakirudi kuwa cheupe. Anachovya, anakausha, anapaka mshumaa tena, anachovya tena, na hajui kwa uhakika amepata nini mpaka kitambaa kichemke na mshumaa wote utoke. Hiyo ni kazi ya msanii aliye makini. Marehemu George Lilanga, aliyefariki mwaka 2005 na ambaye kazi zake zilivuka bahari, alianza kwa uchongaji na alifanya pia batiki pale Nyumba ya Sanaa jijini Dar es Salaam. Naye Edward Saidi Tingatinga, ambaye wageni wenu humuulizia kila siku, alichora miaka michache tu kabla ya kifo chake mwaka 1972, juu ya mbao za mraba, kwa rangi za mafuta za kung'aa ambazo mtu angeweza kupakia baiskeli, na leo hakuna anayeuliza kama ile ilikuwa sanaa au kazi ya mikono.

Utaniuliza haya yana uhusiano gani na fomu ya benki. Yana uhusiano mkubwa. Mume wako anawatafuta watu wa Dar kwa sababu anaamini shahidi wa kazi yake lazima atoke mbali. Wewe uliyekuwa shahidi wa karibu ulijificha nyuma ya kijana wa Kibaha, kwa kuwa nawe uliamini vivyo hivyo, kwamba jicho la mtu wa ukumbi wa nyuma halihesabiki. Kwa hiyo ulipomficha jina la mnunuzi, ulimficha pia msanii mwenzake. Siwezi kujua angefurahi kiasi gani kukutana naye, lakini nimeona ndoa za watu wanaofanya kazi moja, na nimeona jinsi wanavyoweza kukaa miaka mingi wakisifiana kwa wageni bila kusifiana wao kwa wao.

Tuje kwenye njia zilizo mbele yako. Ya kumweleza kabla ya saini ndiyo inayokutisha zaidi, na kutisha kwake ni kwa kweli. Anaweza kujisikia amedhalilishwa. Anaweza kukasirika, na hasira ikamwelekea zaidi mdogo wako na yule kijana, kwa sababu kinachomuumiza mwanamume katika siri kama hii mara nyingi ni idadi ya watu walioijua wakati yeye hajui. Ukiichagua njia hii, mwambie mapema na kwa ukamilifu nani anajua, ili asije akamgundua mwingine baadaye. Fikiri pia mahali. Dukani mteja anaweza kuingia katikati ya sentensi. Usiku, mtu akiwa amechoka, neno moja huwa kumi. Huenda mahali pake ni Kibaha, picha zikiwa zimefunguliwa zote tisa, ili aone namna zilivyotunzwa kabla hajasikia zilivyonunuliwa. Lakini wewe unamjua, na kuna waume ambao kuona zote kwa pamoja kungewaelemea. Pima hilo.

Unaweza pia kuanza na ukubwa wa mpango kabla ya siri: umwambie kwamba milioni 15 juu ya nyumba zinakutia hofu, na kwamba ungependa maonyesho yaanze madogo. Mtakuwa na mengi ya kuzungumza. Tamasha la sanaa na utamaduni linafanyika hapo hapo mjini kwenu tangu mwaka 1982. Dar es Salaam kuna vituo vya sanaa, Nafasi Art Space kule Mikocheni kikiwa kimojawapo, ambako mtu anaweza kwenda kuuliza jinsi ya kuonyesha kazi pamoja na wenzake kabla ya kukodi ukumbi peke yake. Kuna hoteli zinazoweza kutundika picha kwa mali kauli, zikiuzwa alipwe, zisipouzwa azichukue. Mambo haya yote ni mazuri, na huenda yangefaa hata kama wanunuzi 11 wangekuwa wa kweli. Hatari yake ni kwamba utaendelea kumwongoza mtu kwa ramani unayoiona peke yako. Akikuuliza, "Kwa nini unaniogopea wakati watu wananunua?", utajibu nini? Ama utasema kweli wakati ambao hukuuchagua, ama utatunga jambo jipya.

Kuhusu kutunga, ushauri wa mdogo wako umetokana na upendo, lakini tafadhali utazame kwa makini kabla ya kuukubali. Kumfanya mama yenu mgonjwa ili kuikwepa fomu ni kuifukia siri ya zamani kwa siri changa zaidi, na hiyo itahitaji kulishwa kila wiki: atataka kwenda kumjulia hali, atawaambia ndugu, atachanga. Ile ya kwanza angalau ilikuwa na picha za kweli nyuma yake.

Wengine wangekuambia umtafute mtu mzima akusemee, pengine mshenga wenu au mzee anayemheshimu. Sipingi busara ya wazee, nami ni mmoja wao. Ila katika jambo hili naona tofauti kati ya mzee anayekaa nanyi baada ya neno kusemwa na mzee anayelisema neno kwa niaba yako. Tayari umemnunulia picha kupitia kwa watu wengine. Je, na habari zake azipate vivyo hivyo?

Ipo pia njia ya kusaini na kunyamaza. Siwezi kukuambia kwamba haiwezekani maonyesho yakafaulu. Yanaweza. Sanaa ina mambo yake, na mchoraji aliyepata miezi kadhaa ya utulivu anaweza kuwashangaza watu. Lakini ungetembea katika ukumbi ule siku ya ufunguzi ukihesabu vichwa, ukijua wanaosubiriwa tisa wako humo ndani ya gauni lako.

Nirudi kwenye ile asubuhi ya fremu, maana naona ndiyo iliyoshika usukani wa barua yako. Wiki tatu bila kufanya kazi aipendayo, kuuza vifaa, na sauti tulivu isiyo na hasira wala huzuni: uliogopa kwa sababu nzuri. Hali ya namna hiyo inaweza kuwa uchovu wa shida, na inaweza kuwa sonona, ambayo ni ugonjwa unaotibika hospitalini wala hautibiwi kwa mauzo. Ukiona imerudi, iwe umesema siri yako au hujasema, hasa akiacha kula, akikosa usingizi au akianza kuzungumza kana kwamba maisha hayana maana, usimpigie simu mdogo wako. Mpeleke mume wako hospitali, na umwambie daktari ulichoniambia mimi. Na jambo hili pia ulipime: fedha zako zilileta changu na nazi, lakini aliyerudisha vitambaa kwenye fremu alikuwa yeye. Tangu hapo amechora miaka minne. Huenda umeishi ukiamini kwamba mkono wake umefungwa kwa uzi ulioushika wewe, na ukiuachia tu utaanguka. Sijui kama ni kweli. Wewe nawe hujui, kwa sababu hujawahi kuuachia.

Kabla sijakuaga, wale wawili. Katika barua umewapitia haraka, kama mtu anayeondoa mawe kwenye mchele: tisa ni mimi, wawili ni watu wa kweli. Hebu warudie. Daktari mmoja alitoa fedha zake bila kutumwa na mtu. Kijana mmoja alichukua picha ya mzee na redio, na hadi leo anaandika kuuliza mchoraji wake anafanya nini. Wachoraji wengi katika miji midogo wangefurahi kumpata mtu mmoja wa namna hiyo. Siku utakapolifungua daftari mbele ya mume wako, majina hayo mawili yatabaki yamesimama, nayo ni yake kabisa. Na kama utapenda, jina la tatu nalo linaweza kuandikwa, lako, mara tisa, kwa mwandiko wako mwenyewe.

Hukutaja tarehe ambayo benki inaisubiri fomu. Kama ipo, niandikie unieleze, kwa sababu inabadilisha haraka ya mambo. Kama haipo, unayo haki ya kumjibu kesho asubuhi, atakapokuuliza kwa upole kama ulivyosema, kwamba umeshaisoma, na kwamba kuna jambo unataka kuzungumza naye kabla hamjaenda popote. Sentensi hiyo ni ya kweli, haihitaji ujasiri wa siku nzima, na inakuachia wewe kuchagua kama mazungumzo yenyewe yawe Jumapili, au Kibaha, au mahali nisipoweza kupafikiria mimi niliye mbali.

Ukiniandikia tena, ningependa pia kujua zile nane nyingine zinaonyesha nini.

Wako,
Mama Mshauri